Povu

Miaka kumi na minne nimelimwaga
juu ya vidonda vya Dandora:
chupa ya kahawia, kifuniko cheupe,
na kidonda kikichemka kama uji unaotaka kumwagika.
Wagonjwa walilipenda lile povu.
"Sasa inafanya kazi," walisema,
na watoto wa ploti wakasogea mlangoni kulitazama,
nami, na sare yangu ya buluu, mkoba begani,
nikajiona fundi.

Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni,
darasa la uzamili, orofa ya tatu.
Dirisha halifungi, mvua ya Aprili inakalia kiti cha nyuma.
Tuko wauguzi kumi na mmoja wa mitaani,
wengine bado na matope ya zamu kwenye viatu.
Nasimiyu wa Kawangware amelala macho wazi.
Mwalimu Jerotich anaandika ubaoni bila kugeuka:
Povu halijui kuchagua.
Linaua kijidudu, linaua na nyama changa.
Kisha akafuta, akaingia mada ya bandeji,
kana kwamba hakuna aliyeanguka.

Niliandika. Mkono ndio ulioandika.
Pembeni mwa daftari nikaanza kuhesabu miguu:
wa Mama Syokau, uliochukua miezi tisa kukauka,
wa yule kinyozi wa karibu na reli
aliyehama bila kuaga,
wa Makokha.
Kwa Makokha kalamu ikasita.
Vidole viwili walivikata Novemba,
na mimi ndiye niliyekaa naye kwenye foleni
nikimwambia sukari haina adabu.
Huenda ilikuwa sukari.
Huenda.
Neno hilo halimo kwenye silabasi,
na ndilo nililolilipia karo:
mkopo wa chama, ng'ombe mmoja wa Kitui,
na Jumapili zangu zote za mwaka.

Nilidhani kusoma ni kuongeza.
Hakuna aliyeniambia kuna masomo
yanayorudi nyuma na taa mkononi,
chumba kwa chumba,
yakiamsha waliolala.

Jumamosi nikapanda ngazi za kwake, Awamu ya Nne.
Moshi wa jalala ulikuwa umeketi juu ya kamba za nguo.
Sikuzunguka. Nilisema: ile dawa.
Nilisema: mimi. Nilisema: mguu wako.
Makokha akapunguza redio, hakuizima.
Akaniangalia kama mtu anayesoma bili ya maji.
"Kwa hiyo umelipa pesa zako
ukafundishwa kwamba ulikosea?"
"Ndiyo."
"Na wale wasiolipa?"

Nikawasha jiko.
Maji yakachemka, nikatia chumvi kwa kipimo,
nikangoja yapoe, na kupoa kwa maji
ni kurefu mtu akiwa anakutazama.
Kisha nikayamimina polepole.
Yakapita juu ya kidonda bila kusema neno.
Makokha akainama, akasubiri,
kama anayesubiri ujumbe wa pesa kwenye simu.
"Nitajuaje umeosha, Sista Kalekye,
na hakijachemka?"

Nikakipima kwa rula ya plastiki:
sentimita nne na nusu.
Nikaandika kwenye kalenda yake ya duka la simiti,
chini ya picha ya daraja.
Jumamosi ijayo, rula ileile.
"Tutaangalia," nikasema.
"Mtaangalia nyinyi," akajibu. "Mimi ndiye mguu."

Nilipofunga mkoba nikageuka:
watoto walikuwa wameshaondoka mlangoni.
Hapakuwa na la kutazama.