Jumatano ya Kwanza

Jumatano ya kwanza ya mwezi redio ya jirani husoma bei.
Mimi nipo uani, Njoro, nasugua spoki kwa mswaki uliochakaa,
nasikia shilingi zikipanda ngazi
na moyo wangu, Mungu anisamehe,
unapanda nazo.

Maana mimi ni fundi baiskeli.
Miaka kumi na minne nimekaa chini ya ukuta wa stesheni
nikiziba pancha za watoto kwa ahadi za baba zao,
pikipiki zikinitimulia vumbi kwenye chai.

Petroli ilipovuka elfu tatu, Mzee Aminieli alishuka kutoka Rau
akikokota Phoenix ya mwaka aliooa,
kengele imefungwa utando wa buibui.
"Ifufue," akasema.
Nikaifufua.
Akaja mwalimu wa hesabu, suruali kaibana kwa kibanio cha nguo.
Akaja karani wa benki, kitambi mbele, yeye nyuma,
yuleyule aliyenipigia honi mwaka jana nihamishe benchi langu.
Sikumkumbusha.
Nilimwongezea mia tano kwenye breki.

Mji ukapunguza sauti.
Saa tano asubuhi nikasikia mnyororo ukiteleza ng'ambo ya barabara
na nikajua, bila kugeuka, ni jino la ngapi limeliwa.
Watu wakaanza tena kusalimiana, kwa kuwa anayetembea ana muda wa kujibu.
Wengine wanasema hata Mlima siku hizi unaonekana vizuri.
Hilo sijui.
Mlima una mawingu yake, haununui mafuta.

Ila Ndeanka, mke wangu, anauza ndizi Mbuyuni.
Pikapu ya Kibosho imepandisha nauli ya kila mkungu,
na mkungu haukuongezeka hata kidole.
Jioni alimwaga sarafu mezani, akazitenga kwa ukucha.
"Unachookota wewe kwenye tairi," akasema,
"mimi nakiangusha sokoni."
Nikacheka peke yangu.
Kesho yake nikaenda kununua gundi ya pancha:
imepanda. Imekuja kwa lori.
Tyubu nazo zimekuja kwa lori.

Kisha usiku wa Alhamisi mkwe wetu Ndeshi akashikwa na uchungu,
wiki tatu kabla ya siku yake.
Kanankira wa bajaji alitoka na shuka begani:
"Mzee, nilitia ya elfu mbili. Imeishia Pasua."
Nikatazama baiskeli zilizopangwa ukutani, kumi na moja,
zinang'aa, zote nimezitia grisi mwenyewe.
Hakuna hata moja ya kumbeba Ndeshi.

Tukaamsha shemasi. Akashika tochi.
Nilikata kipande cha tyubu, nikakiingiza kwenye jenereta ya kanisa,
nikavuta kwa mdomo.
Lita moja na nusu, kwenye chupa ya maji.
Nilitema, nikatema tena,
ule mwali wa baridi umenikaa kooni:
ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja
kitu nilichokuwa nakiombea kipande.

Mtoto alizaliwa Mawenzi, wa kike, mdogo kama pampu ya mkono,
na sauti kubwa kuliko honi ya karani.

Ningeulizwa, ningesema: ipande kwa mwenye kitambi,
ishuke kwa Ndeshi,
kwa pikapu ya Kibosho isimame palepale.
Eliaichi, anayejaza pale kituoni, alinicheka.
"Pampu haimjui mtu, baba. Inajua namba."

Leo Jumatano tena.
Redio imekohoa, inatafuta stesheni.
Nimekunywa tangawizi mara tatu na ile ladha haijatoka.
Mswaki umesimama kwenye spoki.
Mlangoni kuna watu saba na baiskeli zao,
wa mwisho ni Kanankira,
anaulizia kama ninayo moja ya kuuza kwa mkopo.