Usiku wa Ijumaa

Kishikwambi kakileta Haroub kutoka Unguja,
kimezongwa taulo kama kitoto cha siku saba.
"Daktari kasema Bibi acheze kila siku,
robo saa tu, kichwa kisishike kutu."
Mama akakipindua mbele na nyuma,
akauliza mlango wake wa kuingilia uko wapi.

Mama huyu
alikaa miaka ishirini na sita posta ya Wete,
nyaya mikononi, akichomoa, akichomeka,
na mji mzima ukipita baina ya vidole vyake.
Bohari ya karafuu: kumi na nne.
Hospitali: saba.
Duka la vitambaa la Jivraj: thelathini na moja,
na ukimpigia wakati wa chakula hapokei,
hilo nalo alikuwa nalo kichwani.
Akishawakutanisha wawili alisema neno moja,
"Ongeeni,"
kisha akatoka masikioni mwao.

Sasa anauliza mara tatu
kama mchuzi umetiwa chumvi.
Mwezi uliopita aliniita Zuwena,
dada yangu tuliyemzika mwaka wa mvua nyingi.
Niliitika. Ningefanyaje?

Mchezo wenyewe ni wa picha pacha:
funua, funika, kumbuka ipo wapi.
Lakini hizo picha!
Mtu wa theluji. Kengele.
Tunda jekundu lenye vipele
ambalo Mama kaliita shokishoki lililonyolewa.
Akakisukuma chombo, akarudi kwenye ukili wake.

Haroub akapoteza likizo siku mbili
akipiga picha vya humu ndani:
mbuzi ya nazi, kinu, kawa,
pakacha, kikonyo cha karafuu,
doriani limepasuka juu ya gazeti.
Akavitia vyote mchezoni.
Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Kumbe kina mlango," akasema.
Na kinu kilipokutana na kinu mwenzake,
nilimsikia, sauti ile ile ya posta:
"Ongeeni."

Basi ikawa kila akishaswali Magharibi
robo saa inafika mpaka adhana ya Isha.

Tatizo ni yale masuali ya mwanzo.
*Leo ni siku gani?*
Mama akagusa Ijumaa.
*Si sahihi. Leo ni Alhamisi.*
*Sasa ni saa ngapi?*
Akagusa moja.
*Si sahihi. Ni saa kumi na tisa.*
"Saa kumi na tisa!" Mama akanigeukia.
"Masikini, kimechanganyikiwa."
Walipomuuliza mwezi
akautafuta Mfunguo Pili, hakuuona,
akagusa wowote, yaishe.

Alama zikaporomoka.
Haroub akazisoma huko huko Unguja,
akanipigia, sauti imemkwama:
"Mama, Bibi kazidiwa?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, machozi yananitoka,
mpaka nikatazama dirishani.
Jua limeshazama.
Na jua likizama, kwa hesabu ya nyumba hii,
siku imekwenda zake, imeingia nyengine.
Usiku wa Ijumaa ndio huu.
Saa moja ndiyo hii.
Tangu lini siku ikaingia usiku wa manane,
watu wamelala, hakuna hata wa kuipokea?

"Kitengeneze chombo chako," nikamwambia.
"Bibi yako hakukosa. Kakosa aliyetunga suali."

Sisemi kapona.
Juzi katia sukari kwenye mchuzi wa pweza.
Jana alfajiri alikuwa akitafuta viatu vya skuli,
na daktari alitwambia wazi:
hiki si dawa, ni mazoezi.

Lakini jana hiyo hiyo, usiku, nilicheza naye.
Namtafuta pacha wa kawa, namkosa,
nafunua pakacha, nafunua doriani,
nafunua pakacha tena.
Mama anasuka. Hata hakuinua uso.
"Safu ya pili, Zuwena. Ubavuni mwa kinu."

Nikafunua.
Kawa.

"Ongeeni," akasema.