Vidole Viwili vya Udongo

Miaka saba, peoni, umenilisha majani.
Majani mazuri, sikatai, ya kijani kilichokolea,
yanang'aa kama viatu vya mtoto
siku ya kwanza ya shule.
Lakini ua? Hata moja la kusingizia.

Juni nzima, kwa jirani yangu Imants Kalve,
maua yalilala chali kwa uzito wa mvua,
meupe, makubwa kama kabichi,
naye ananipungia mkono kana kwamba haoni.
Kwake ua umejaa maua.
Kwangu ua ni ua tu, wa mbao.

Leo Septemba, tarehe kumi na nane.
Usiku mtofaa ulikuwa ukiangusha matunda
juu ya bati la banda la kuni: du. Kimya. Du.
Korongo wamekwenda zao,
kiota chao kwenye nguzo ya umeme kiko wazi
kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.
Nimevaa koti la marehemu Gunārs,
mikono nimeikunja mara mbili.
Nimechukua uma, si koleo;
koleo hukata kabla ya kuuliza.
Nimeanza mbali, shibiri tatu kutoka shinani,
nikizunguka, nikizunguka,
kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Nilipokuwa bado nafukua
Imants akaja, akapiga goti kwa taabu,
akaingiza mkono shimoni, na shimo likammeza
hadi kwenye saa yake.
Akasema, "Velga, wewe hukupanda. Ulizika."

Nikakumbuka.
Oktoba ile, siku tisa baada ya mazishi ya mama,
nyumba yake ya Piebalga imekwisha kuuzwa,
mwenye nyumba mpya anasubiri ndani ya gari, injini inanguruma.
Nilikung'oa mbiombio, nikakutia kwenye ndoo,
nikakufunika kwa sweta.
Huku upepo ulikuwa na meno.
Nikaongeza udongo. Nikaongeza tena.
Nikakukandamiza kwa kiganja
kama unavyomkandamizia mtoto blanketi mabegani
na mtoto mwenyewe anahema kwa joto.

Kumbe baridi ndiyo uliyoitaka.
Kumbe wewe, usipoumwa na sakitu,
huna sababu ya kuamka.

Basi nimekuosha kwa maji ya mvua.
Mizizi yako minene, ya kahawia, imesokotana
kama karoti zilizogombana.
Kisu nimekipitisha kwenye spiriti.
Vipande vitatu, kila kimoja na macho yake manne,
mekundu kama pua ya mtoto aliyetoka kuteleza thelujini.
Mashimo mapya nimeyachimba mbali na mtofaa, penye jua,
yenye kina cha ndoo; mboji chini, majivu konzi moja,
samadi mbichi hapana, itakuozesha.
Macho yatazame juu.
Kisha udongo: kidole kimoja, cha pili.
Basi.

Mkono ukataka kuongeza.
Mkono una mazoea yake, hauombi ruhusa.
Nikautia mfukoni mwa koti,
nikakuta humo risiti ya misumari
na njiti ya kiberiti iliyokwisha kuungua.
Nikausimamisha humo humo, mkono,
mpaka ukatulia.

Mwakani sitakudai kitu. Imants anasema mwaka wa tatu.
Mwaka wa tatu nitakuwa na sabini na saba.
Sakitu ya kwanza ikipita nitayakata mabua yako,
nitayachoma nyuma ya banda,
halafu nitakuacha. Hilo ndilo gumu,
kumwacha mtu alale na baridi yake.

Kipande cha tatu nikampa Imants,
ingawa anayo thelathini.
Akakipokea kwa kofia, akakigeuza, akauliza jina,
maana yeye huandika majina yote kwenye vibao vya zinki.
Jina sikulijua.
Mama alikuita tu "yule".
Akasimama kidogo, kofia mikononi,
akasema zinki anayo.