Kidole cha Shahada

Ilianza usiku, saa tisa, Kutaisi kimya,
ila mto Rioni ukigombana na mawe yake.
Ganzi ikaniamsha. Gumba, shahada, cha kati,
vimekufa pamoja kama ndugu walioapa.
Nikakung'uta mkono nje ya blanketi
hadi sisimizi wa moto wakarudi, mmoja mmoja.
Nikalala. Nilidhani nimeulalia.

Miaka ishirini na sita nasahihisha vitabu vya wasioona,
nami ni mmoja wao.
Nukta nundu zikiinuka, nasoma; zikilala, nanyamaza.
Kutwa kifundo kimepinda ukingoni mwa meza,
jioni nakanda unga, navunja maganda ya jozi.

Kikombe kikaniponyoka. Nikasema sabuni.
Kifungo cha koti kikanishinda. Nikasema baridi.
Karatasi ikawa laini kama shavu;
nikailaumu mashine, inachapa kivivu.

Kisha barua, kutoka shule moja ya Batumi:
"Shangazi Nanuli, ukurasa wa arobaini
meli imezama habarini.
Habarini ni wapi?"

Darasa zima lilicheka, kaandika mtoto.
Kidole changu cha shahada
kilikuwa kimetoa ushahidi wa uongo.

Daktari Zviad aligonga kifundo kwa ncha ya kidole:
cheche mpaka kuchani.
Akanikunja mikono, migongo ya viganja ikagusana,
akahesabu. Sikufika arobaini.
"Hapa pana kichochoro," akasema.
"Chini mifupa, juu utepe mgumu.
Kano tisa hupita humo, na mshipa wa fahamu mmoja.
Kano zikivimba, anayebanwa ni yeye,
maana ndiye mlaini."

Mshipa wa fahamu.
Aliyeupa jina hilo alinijua?

Banzi, wiki sita, kila usiku.
Dada yangu Etera alilifunga, akinung'unika
kwamba nampiga nalo usingizini.
Sindano: miezi miwili ya neema,
halafu ganzi ikarejea na mizigo yake,
na nyama ya shina la gumba ilikwisha kubonyea.

Wakaukata utepe. Dakika kumi na tano tu,
na nilikuwa macho (neno la ajabu, kwangu mimi).
Muuguzi aliimba nusu nusu. Mkasi
ulikula kitu kigumu kama turubai.

Usiku huo sikuamshwa na kitu.
Niliamka mwenyewe, kwa mazoea, saa tisa,
nikakung'uta mkono usiodai kukung'utwa,
mshono ukanikaripia.

Neva, asema Zviad, ikiota upya
hutambaa milimita moja kwa siku, ikipenda.
Toka nukta hadi nukta ni milimita mbili na nusu.
Sijamwambia kwamba napiga hesabu.

Nimefungua ukurasa wa arobaini.
Leo B nimeipata, kali kama punje ya chumvi.
A bado naisikia kwa mbali,
kama mtu anayebisha hodi
kwa jirani.