Vitenzi vya Jumanne

Mwalimu Kapampa aliandika vitenzi sita ubaoni,
Katuba, darasa la jioni, umeme umekwenda,
simu ya Mwansa ikimmulikia chaki.
Akavisoma. Tukavirudia kwa ulimi wa hapa:
apreizi, esesi, estimeti,
reti, evalueti, praisi.
Vyote, alisema, ni kukipa kitu thamani,
ila havifanani; ni ndugu wa baba mmoja
wanaogombea kiti kimoja cha urithi.

Niliviandika kushoto, kwa kalamu inayovuja.
Kulia nikatafuta vya kwetu.
Kupima: hiki cha daktari, cha fundi cherehani,
cha mwenye mizani asiyekutazama usoni.
Kukisia: hiki cha mama, soko la Kenya,
anainua mfuko wa unga kwa mkono mmoja, macho juu,
"Umepungua kopo," anasema,
na kweli umepungua.
Kukadiria: hapo nilisita,
maana ukikikuna kitenzi hiki kwa ukucha
chini yake unaikuta kadari.

Ndivyo walivyomkadiria baba.
Miaka ishirini na tisa mbele ya tanuru la shaba,
kikohozi, kofia ngumu aliyotakiwa kuirudisha;
karani akajumlisha, akagawanya, akapiga muhuri.
Bahasha ilitosha mabati ishirini na manne na baiskeli.
Baba alizihesabu noti mara mbili.
Mara ya tatu akahesabu mabati.

Alhamisi nilikuwa depo, barabara ya Likasi,
mkalimani, siku yangu ya nne, shati la kuazima.
Bosi hana Kifaransa wala Kiswahili.
Ana mashine kama bastola
inayonusa jiwe na kutema namba.
Kabulo akatua gunia. Alikuwa amelibeba
mpaka bega la shati limekuwa kijani.
Bosi akasema neno. Nililijua!
Lilikuwa la Jumanne.
Nikamgeukia Kabulo kwa sauti ya mtu aliyesoma:
"Anasema watalisifu jiwe lako."

Kabulo akanitazama. Akalitazama gunia.
Akavua kofia.
"Basi wasikie kwanza lilikotoka," akasema,
akaanza: shimo la mita thelathini,
mdogo wake Mumba juu, ameshika kamba, anapiga mluzi
ili aliye chini ajue kwamba juu bado kupo;
maji yaliyoingia mwezi wa pili,
siku tisa za kuyatoa kwa ndoo ya rangi;
kisha asubuhi moja, ukutani, mshipa wa kijani
umelala kama mtu aliyechoka kungoja.
Alisimulia kama anayemtaja mchumba mbele ya wakwe.

Bosi akaniuliza, anasema nini?
Vitenzi vyote sita vikaja hadi mlangoni,
hakuna kilichokubali kuvua viatu.
Nikajibu: anasema jiwe ni zuri.

Bastola ikanusa. Mbili nukta saba.
Namba ikageuka franka, franka zikapungua
kwa ajili ya unyevu, ya udongo, ya gunia lenyewe,
na ya kitu ambacho karani alikiita kawaida.
Kabulo akapokea bila kuhesabu.
Akavaa kofia, akaniuliza taratibu, bila hasira,
"Dada, walisifu saa ngapi?"

Jumanne iliyofuata nilimsimulia mwalimu.
Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.
Ulidondosha herufi moja ya mbele, alisema,
ukaangukia kwenye sifa.
Halafu akanyamaza, akafuta ubao uliokwisha kuwa safi.
Zamani, akasema, bei na sifa katika lugha ile
zilitoka tumbo moja;
ziliachana njiani,
na yeye hajui ni ipi iliyoanza kununa.
Kisha akalivuta daftari langu,
akalizungushia kosa kwa wino mwekundu,
akaandika pembeni: sita kwa kumi.

Hilo nalo lina kitenzi chake.
Sikumwuliza.