Bamba Halijamsahau

Oulu, Januari, saa kumi na mbili asubuhi.
Nafunga mlango wa risasi, napiga picha ya hakuna:
hakuna mionzi, hakuna mtu.
Bamba linarudisha namba hata hivyo,
kwani gizani pia lina lake la kunung'unika.
Nahifadhi. Manung'uniko hayo
yatatolewa katika kila kifua cha leo.

Halafu mionzi mitupu, mbele yake pasipo mwili.
Pikseli hii hupokea kwa pupa, ile kwa uvivu;
kompyuta inagawanya, inagawanya,
mpaka kijivu kiwe kimoja.

Zilizokufa ni kumi na saba.
Jana zilikuwa kumi na sita.
Ile mpya iko safu ya mia nane na tatu.
Pengo lake litazibwa kwa mchango wa majirani
na jicho la daktari halitauliza.
Ni ndogo kuliko chembe ya chumvi, najua.
Naiandika daftarini.

Saa mbili anaingia Veikko Ollila, mkata magogo,
theluji ikimyeyukia kolani.
"Vuta pumzi. Ishike."
Mbavu zinatokea safi,
na ule ufa wa zamani:
msonobari ulimwangukia, anasema,
akicheka, akikohoa.

Anaondoka. Simwiti anayefuata.
Nikipiga sasa, kivuli cha bega lake
kitamlalia Aune Karppinen, mwalimu wa kinanda.
Nasubiri, mikono mifukoni,
bamba limsahau.

Harufu ya utomvu na petroli
bado imo chumbani.