Cheki

Bwana Kurien, msimamizi wetu, ana neno moja la kazi.
Cheki geti. Cheki taa za ghorofa ya nne.
Cheki yule mwenye begi.
Hulitema kama mtu atemaye kokwa ya tende,
haangalii limeangukia wapi.

Nami, mlinzi wa zamu ya usiku hapa Ruwi,
jengo la ofisi lenye vioo vya kijani,
nimelibeba miezi kumi na tisa nikidhani nalijua.
Kwetu Pangani cheki ni jicho tu:
cheki yule, cheki mwezi ulivyolala upande.
Neno la vijana, halina mvi.

Kumbe lina mvi.

Aliyeniambia ni Ghodrat, mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara.
Saa nane usiku, unga ukiumuka, huja na ubao wake wa sataranji,
tukaketi kwenye ngazi zangu
na Kiarabu chake kibovu na changu kibovu zaidi.
Usiku mmoja akasogeza farasi, akasema: Shah.
Nikacheka. Nikamwambia, hata kwetu huyu ni shaha,
na bingwa wa watunzi wa mashairi tunamwita shaha.
Akasema, basi na bosi wako huyo
humwita mfalme wetu kutwa kucha, hajui.

Akanichorea safari sakafuni, kidole kimejaa unga:
lilitoka kwao Uajemi, mfalme mzima na taji lake,
Waarabu wakalikaribisha,
likavuka kwenda kwa Wafaransa, wakalitafuna ncha,
likafika kwa Waingereza limevimba mdomo: chek.
Maana yake, angalia, mfalme wako yu hatarini.
Siku zikapita. Angalia likabaki,
mfalme akasahaulika.

Miraba ya ubao nayo haikutulia.
Ikawa kitambaa shingoni mwa dereva wa lori la Al Ain.
Ikawa shuka la mezani, makarani wa mfalme wa Kiingereza
wakapanga juu yake vihesabio vya kodi,
na kutoka huko, kwa njia za panya, ikazaliwa hundi.

Hundi. Hapo sikucheka.
Ninayo mfukoni, nyuma ya kitambulisho,
mishahara ya miezi minne, sahihi ya mhasibu
imejikunja kama mkia wa nge.
Binti wa dirishani, benki, amenirudishia mara mbili
kwa vidole viwili, kama kitu chenye maji.

Na siku niliposhuka, je?
Walicheki damu. Walicheki kifua, nikaambiwa nisipumue.
Kando ya jina langu wakachora mguu wa kunguru:
anafaa.
Pasipoti ikaingia sandukuni kwa mtu nisiyemwona.

Ghodrat alinifunga kabla ya adhana.
Shah mat, akasema.
Amekufa, nikajibu; mat, mauti, hapo sihitaji mkalimani.
Akatikisa kichwa, unga ukamdondoka nyusini.
Hivyo walisikia Waarabu, nanyi mkasikia kwao.
Kwetu mat hafi. Ameduwaa. Amekosa pa kwenda.
Tazama, nani amewahi kumla mfalme?
Mchezo unakwisha naye yungali ubaoni.

Akakunja ubao, akaenda zake kwenye tanuri.
Yungali.
Nililigeuza neno hilo mdomoni mpaka likapata joto.

Redio ikakohoa: cheki geti.
Nikacheki. Limefungwa.
Cheki taa za ghorofa ya nne.
Nikainua macho. Moja inawaka,
chumba cha mhasibu, tangu jana magharibi,
kivuli chake kinakwenda na kurudi, hatua moja, hatua moja.
Lifti mbovu. Ngazi ni hizi.

Nikaandika daftarini: saa kumi na moja, shwari.
Nikavuta kiti changu mpaka katikati ya mlango,
nikaitoa ile karatasi, nikainyoosha juu ya goti.

Shaha, nikasema, taratibu,
kama mchezo unavyotaka mtu aonywe.